Tatizo Liko Upande Wako, Mteja

Kazi yangu ni kudanganya watu kwa adabu. Nakaa chumbani, mlango nimeufunga, blanketi nimelitundika ukutani ili sauti isirudi, hedifoni kichwani. Kila anayepiga kulalamika kwamba intaneti ya nyumbani kwake inatambaa, namwambia tatizo liko upande wake. Nasema hayo kwa sauti tamu ambayo mume wangu hajawahi kuisikia, na siku akiisikia atanidai maelezo. Msimamizi wetu anaamini mteja husikia tabasamu hata kwenye simu, kwa hiyo tunalazimika kuchekacheka zamu nzima. Sisi tunamwita Tabasamu. Yeye ndiye aliyetunga maelezo yote tunayowasomea wateja.

Ukweli wenyewe ni mwepesi, hata mtoto anauelewa. Kwenye nguzo ya mtaani kuna kisanduku cha chuma cha kampuni, na nyumba zote za jirani huchota intaneti humo. Kisanduku chetu kilifungwa kwa ajili ya mtaa mmoja. Kampuni ikaonja faida, ikaunganisha mtaa wa pili, wa tatu, wa nne, kisha na maghorofa mapya yote, bila kuongeza hata waya. Asubuhi mambo ni shwari. Jioni watu wakirudi makwao, wakavua viatu na kuwasha kila chenye kioo, kisanduku kinaelemewa na picha zinaganda nyumba hadi nyumba. Kwenye kompyuta yangu nina ramani inayoonyesha mzigo wa kila mtaa kwa rangi. Ya kwetu jioni huwa nyekundu tupu. Naiona, Tabasamu anaiona, wakubwa wake wanaiona, na neno "msongamano" ni marufuku kulitamka mbele ya mteja. Simu zote zinarekodiwa, na atakayelitamka atafute kazi nyingine.

Basi jioni moja simu ikaingia kama zinavyoingia nyingine.

"Haloo! Hapo ndipo kampuni ya wezi?"

Nilimsikia mara mbili, mara moja sikioni na mara ya pili kupitia ukutani. Aliyekuwa anapiga alikuwa amekaa sebuleni kwangu, kwenye kiti changu, televisheni ikipiga kelele mbele yake. Alikuwa mama mkwe.

Mama mkwe ni mkunga mstaafu. Amezalisha wanawake wa mitaa hii mpaka wengine akawazalisha na mabinti zao, na mpaka leo anazungumza na kila mtu kana kwamba uchungu umeshamshika. Ruta ikisuasua huisimamia, mikono kiunoni, na kuifokea, "Sukuma! Sukuma, we mvivu!" Alipohamia kwetu nilimwambia kazi yangu ni kupokea simu. Hakuuliza simu za nani, na mimi nilipomsikia anavyoilaani kampuni yetu asubuhi na jioni, sikuona haja ya kuongeza neno. Mbele yake mimi si msemaji. Mdomo wangu una "shikamoo mama" na "chakula tayari", basi. Sauti yangu ya kazini hakuwahi kukutana nayo.

Nikatabasamu ukutani. "Karibu sana, mama. Pole kwa usumbufu. Nikusaidie nini leo?"

Televisheni ikapunguzwa sauti. Kisha akasema, "He! Kumbe huko nako kuna watu waliolelewa?"

Akaeleza. Kila siku saa moja jioni anapigiwa simu ya picha kutoka hospitali, na kila siku picha inaganda, halafu simu inakatika. Nikamsomea ukurasa wa kwanza wa Tabasamu, kwamba azime ruta, asubiri kidogo, aiwashe. Nilisikia ndara zake zikivuka sebule, nikasikia swichi, nikasikia zikirudi. Akanishukuru. Nilijisikia vibaya, lakini simu nyingine ilikuwa inasubiri.

Kesho yake akapiga tena, akaangukia kwangu tena. Haikuwa bahati. Mtambo wetu humrudisha mteja kwa mhudumu aliyemsikiliza mwanzo, eti asichoke kurudia maelezo. Kwa kweli ni ili usipate wa kumsukumia mzigo. Nikamsomea ukurasa wa pili, unaosema vioo vikubwa hurudisha nyuma mawimbi ya ruta. Nilipotoka kwenda kunywa maji nikakuta kioo cha ukutani sebuleni kimehamia kwenye korido. Siku iliyofuata ulikuwa ukurasa wa tatu, vyombo vya umeme, na jokofu likavutwa mpaka mlango wa nyuma. Baada yake maji, kwa sababu Tabasamu aliwahi kusoma mahali kwamba maji hunyonya mawimbi, na samaki wa mume wangu wakahamishiwa bafuni na tangi lao. Mama mkwe alifanya kazi wodini miaka mingi, na akipewa maelekezo na mtu wa sare huyatekeleza mpaka mwisho. Alivuta vitu hivyo peke yake, mgongo ule wa kizee, huku mimi nikimsikia anavyohema.

Mume wangu ni mwalimu wa udereva. Kutwa anafundisha watu wasigonge vitu, na jioni hiyo aliingia nyumbani gizani akagonga kioo kwa paji la uso.

"Nani kahamisha nyumba?" akaniuliza, kashika kichwa.

"Mama anapanga upya."

"Na samaki bafuni wanapangwa nini?"

Nikamwambia aulize mwenyewe. Hakuuliza, maana naye anamwogopa.

Mama mkwe akampenda yule binti wa kampuni. Alianza kupiga hata pasipo na shida, na mimi nalipwa kusikiliza. "Ninaye mke wa mwanangu hapa," akaniambia siku moja. "Kajifungia chumbani kutwa nzima, sijui anataga? Chai yake imepauka, ukiinywa unakumbuka maji ya kuoshea vyombo. Wewe mwanangu umeolewa?"

"Nimeolewa, mama."

"Mama mkwe wako ana bahati."

"Bado hajajua, mama," nikasema, na tabasamu la siku hiyo halikuwa la kazini.

Halafu ikaja siku alipopiga bila kufoka. Sauti ilikuwa chini, nikalazimika kubana hedifoni sikioni, na ukutani sikusikia kitu.

"Mwanangu," akasema, "nikuambie neno ambalo humu ndani sijamwambia mtu. Anayenipigia ni dada yangu. Tumebaki wawili tu."

Nilimjua, bila shaka. Ni mama mkubwa wa mume wangu, aliyepelekwa nchi nyingine kutibiwa koo. Kila tulipouliza habari zake, mama mkwe alisema yuko salama, wanataniana tu. Sasa akamwambia binti wa kampuni yale ambayo hakutuambia sisi. Madaktari walikuwa wametoa kikoromeo chote, mama mkubwa hana sauti tena, na ugonjwa umeshasambaa. Simu ya kawaida haina maana kwake, kwa kuwa hakuna cha kusikia. Mikono inatetemeka, kalamu haishikiki. Amebaki na midomo. Walipokuwa wadogo walilala kitanda kimoja, wakazoea kusemezana kwa midomo bila kutoa sauti ili baba asiwasikie, na mpaka leo mama mkwe anausoma mdomo wa dada yake bila kukosea. Lakini lazima auone. Nesi humshikia tableti saa moja jioni tu, akimaliza kugawa dawa, na wakati mwingine hana nafasi. Bando la simu ni la kampuni hiyohiyo na jioni linachechemea vilevile.

"Kuna kitu anataka kuniambia," akasema. "Kila siku anaanza maneno yaleyale, 'Mdogo wangu, mbona…', halafu anaganda, mdomo wazi. Nimehamisha kila kitu, mwanangu. Nimebakiza kuta. Niambie, nivunje ukuta gani?"

Ukurasa wa Tabasamu uliofuata ulikuwa mbele yangu. Ulisema mteja ashauriwe kununua kifurushi kikubwa zaidi. Nikauangalia, na hasira ikanipanda mpaka masikio yakawaka moto. Nilikuwa na hasira na kampuni, na Tabasamu, na mimi mwenyewe pia, niliyemwacha mwanamke wa umri ule avute jokofu kwa ajili ya uongo wa mtu asiyejua hata tofauti ya wimbi na maji ya bafuni.

Nikasimama, nikafungua mlango na hedifoni ikiwa kichwani. "Mama," nikasema kwa sauti yangu ya kazini, "tatizo si nyumba yako. Kampuni imeunganisha watu wengi kupita uwezo wa kisanduku. Ni msongamano."

Alikuwa amekaa kiti changu, simu sikioni. Neno lilimfikia kutoka mlangoni, kisha likamfikia kutoka kwenye simu. Akaniangalia. Akaiangalia simu. Akageuka kuangalia pale kioo kilipokuwa, pamebaki alama ya mraba ukutani.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

"Nimebeba tangi la samaki."

"Najua, mama."

Nilisubiri kofi la maneno, na nilistahili. Akakata simu taratibu, akaiweka mapajani. "Ya chai siyafuti," akasema. "Sasa nieleze kama unavyomweleza mtu mzima. Wengi hao ni akina nani?"

Nikamletea kompyuta. Nikamwonyesha ramani, kisanduku na mitaa minne inayokinyonya, jambo ambalo mwenye kampuni akilijua haniachii hata hedifoni. Mama mkwe akaisogelea kwa miwani yake, akaanza kugusa paa moja moja kwa kidole. "Huyu ni wangu. Huyu wangu. Hawa pacha wangu, wa pili alitanguliza makalio. Huyu simjui. Huyu wangu, na mama yake wangu." Karibu nusu ya mitaa ile ilikuwa imeanguka duniani ikapokewa na mikono yake.

"Wakizima wote kwa nusu saa?" akauliza.

"Utamhesabu dada kope, mama."

Kesho yake alitoka mapema, viatu vya kazi miguuni, vile vyeupe vya wodini. Sikuwepo, lakini habari zilinifikia kutoka pande zote. Hakuomba. Mama mkwe hajui kuomba, anajua kutoa amri. Alisimama milangoni akiwaambia watu wazima wenye vitambi, "Nilikuona kabla mama yako hajakuona. Saa moja jioni unazima intaneti, mpaka saa moja na nusu." Jamaa mmoja wa ghorofa ya juu akalalamika kwamba kuna mechi. "Tumboni ulikaa ukapitiliza mpaka tukakufuata kwa mkasi," akamwambia mbele ya mke wake. "Nusu saa bila mpira itakuua?" Wageni asiowazalisha aliwatumia wale aliowazalisha. Wengine walitii kwa heshima, wengine kwa kuogopa atasema nini kingine kuhusu kuzaliwa kwao.

Ilipokaribia saa moja nilikuwa zamuni, macho kwenye ramani. Mume wangu alikaa sebuleni na simu yake imezimwa, kashika magoti kama mwanafunzi wake siku ya mtihani. Saa moja ilipofika, kona moja ya wekundu ikafifia, ikawa njano. Ikafuata nyingine. Mtaa wa nyuma ukageuka kijani wote kwa mpigo, kisha wa kwetu, kisha maghorofa, moja baada ya jingine. Tangu niajiriwe sijawahi kuona kijani pale jioni. Nilitaka kupiga vigelegele. Ukutani nikasikia simu ya picha ikiita, na mama mkwe akisema, "Dada! Dada, nakuona! Nakuona mpaka vinyweleo!"

Hapohapo Tabasamu akaingia sikioni mwangu.

"Kuna nini mtaani kwenu? Kijani hicho kimetoka wapi?"

"Mtandao unafanya kazi, bosi."

"Saa hizi? Haiwezekani. Kisanduku kimekufa hicho. Nakizima kutoka huku na kukiwasha upya."

Huyo ndiye msimamizi wetu. Nyekundu ya miaka haikumshtua hata siku moja, ila kwa mara ya kwanza intaneti imekwenda kama walivyotangaza, akajua kuna hitilafu. Na akikizima kisanduku, mama mkubwa atakatwa katikati ya sentensi, na kuwasha upya kunakula nusu saa yote iliyobaki.

"Bosi, ngoja," nikasema. Kilichonijia mdomoni ni kile nilichozoea kukisema. "Naona tatizo liko upande wako."

"Upande wangu?"

"Ramani yako huenda inakuonyesha rangi za uongo. Samahani kwa usumbufu. Je, uko karibu na kioo kikubwa?"

Nilijua kipo. Ofisini kwake ana kioo cha urefu wa mtu, anachojiangalia akifanya mazoezi ya kutabasamu.

"Kipo," akasema, sauti imepungua.

"Naomba ukiondoe ukutani, tafadhali. Vioo vikubwa hurudisha nyuma mawimbi."

"Kimefungwa kwa skrubu."

"Nitasubiri, bosi. Usiwe na haraka."

Na alikwenda! Nilimsikia akitafuta bisibisi, akiguna, akidondosha kitu. Mtu akiutunga uongo na kuusambaza miaka yote, mwishoni naye humwingia. Aliporudi akihema nikamuuliza kuhusu vyombo vya umeme, akasogeza birika. Nikamuuliza kuhusu maji, akatoa chupa yake nje. Kisha nikamwomba kwa sauti tamu kuliko zote azime kompyuta, asubiri kidogo, aiwashe. Ilipowaka ikaanza kupakua toleo jipya la programu zake, na mimi nikaiombea ipakue polepole. Nikavua hedifoni, nikaenda mlangoni.

Mama mkwe alikuwa ameegemeza tableti yetu ya nyumbani kwenye bakuli. Humo ndani alikuwemo mama mkubwa, amekonda, bandeji shingoni, macho yaleyale makali ya ukoo wao. Picha ilikuwa safi mpaka nikaona mto wake una doa. Midomo yake ilikuwa inakwenda, na mama mkwe aliyatoa maneno kwa sauti, bila kujua, kama mtu anayesoma kwa kufuatisha kidole.

"'Mdogo wangu, mbona…'" akasoma. Akasogea mbele. Sote tukasogea. "'Mbona unanikatia simu?'"

Midomo ya dada yake iliendelea, na mama mkwe akaifuata, sauti inakwaruza. "'Kila nikianza kusema, unakata. Nikaona labda unaogopa kuniona hivi. Nikataka kukuambia tu, kama unaogopa, usilazimishe kupokea. Sitakasirika.'"

Siku zote zile hakukuwa na siri, wala wosia wowote. Kule kitandani mwanamke anayekufa alikuwa anaamini kwamba mdogo wake hawezi kuvumilia kumwona, na alikuwa anatafuta namna ya kumpa ruhusa. Sisi huku tulikuwa tunahamisha samaki.

"Sikukata," mama mkwe akasema. "Dada, sikukata hata siku moja. Ni intaneti. Wezi hawa wametuunganisha mtaa mzima kwenye kisanduku kimoja, na mmoja wao nimemwoza mwanangu, huyu hapa mlangoni." Akapangusa pua kwa kiganja. "Lakini kuogopa naogopa. Naogopa sana. Nimeona wengi wakija, wanaokwenda sikuwazoea."

Mama mkubwa akacheka. Kicheko bila sauti, mabega tu yakitikisika. Akasema kitu, na mama mkwe naye akacheka, akagoma kututafsiria. Wakaongea. Midomo ya mmoja na sauti ya mwingine, wakabishana nani alimwaga uji wa baba, wakamsema mtu fulani aliyekufa zamani bila huruma yoyote. Mume wangu alikuwa analia waziwazi, na hakuna aliyemcheka.

Nusu saa ikaisha. Watu walitimiza ahadi, hawakuongeza. Bila kwenda kuiangalia ramani nilijua wekundu unarudi, maana picha ilianza kukatika vipande, ikarudi, ikakatika tena. Mama mkubwa alikuwa katikati ya neno, mkono umeinuliwa kidogo, na hapo akaganda. Chumbani hedifoni ilikuwa inapiga kelele juu ya meza, bila shaka Tabasamu kamaliza kuwasha kompyuta yake.

Nikanyoosha mkono nizime tableti. Mama mkwe akaupiga.

"Usiguse. Huko kwake na mimi nimeganda. Anaangalia picha yangu sasa hivi, kama ninavyoangalia yake. Nikiinuka, picha ikirudi atakuta kiti kitupu."

"Inaweza isirudi leo, mama."

"Isirudi." Akanyoosha mgongo, akairekebisha miwani, akamkazia macho dada yake aliyeganda, bila kupepesa. Kisha akasogea upande mmoja wa kiti bila kugeuza uso. "Kaa hapa na wewe. Na utabasamu, si ndiyo kazi yako?"

Hedifoni iliendelea kulia chumbani. Nikakaa.